Mshauri elekezi, kocha au timu ya wilaya: nani awasaidie kupanga hifadhi yenu?

Simu hizi huwa zinanifikia Ijumaa jioni. Anayepiga ni mwenyekiti wa jumuiya fulani ya vijiji, au mratibu wa kashirika kadogo kenye ofisi ya vyumba viwili. "Ndugu yangu, tumepata fedha kidogo za kuandaa mpango wa hifadhi. Tumtafute nani?" Namuuliza mpango wa nini hasa. Kimya kidogo, halafu: "Mpango tu. Mfadhili ameuomba."

Hapa Arusha huwezi kulala njaa ya wataalamu wa uhifadhi. TANAPA wa hifadhi za taifa wapo, TAWIRI wa utafiti wa wanyamapori wapo Njiro, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru, na ukivuka kwenda Moshi unakuta Chuo cha Mweka kimekaa mteremkoni pa Kilimanjaro tangu 1963. Ukipita mitaa ya Njiro na Kijenge unahesabu mabango ya mashirika hadi unachoka. Kinachosumbua ni kwamba watu hawa wote wanauza bidhaa tofauti kwa jina moja la "kuwajengea uwezo", na mnunuzi hugundua tofauti akiwa ameshasaini mkataba.

Nimekaa pande zote mbili za meza: nimekuwa karani wa vikao vya kupanga, nimeandika hadidu za rejea, yaani karatasi inayomweleza mtaalamu kazi anayotakiwa kufanya, nimepokea ripoti. Kwa hiyo sitajifanya sina upande. Wote nawapima kwa swali moja. Mvua za vuli zikikosekana mwaka wa pili wa mpango wenu, ni nani kati yenu atakayeufungua, aone kilichopinda, akinyooshe bila kumpigia simu mtu wa mjini?

Mshauri elekezi

Huyu mnampa hadidu za rejea, anawaletea taarifa ya awali, anakuja na gari siku kadhaa, anahoji watu, anachukua pointi za GPS, anarudi mjini. Miezi miwili mitatu baadaye mnapokea kitabu. Kikiwa kizuri, ni kizuri kweli: ramani zimekaa, picha za setelaiti zinaonyesha jinsi msitu ulivyorudi nyuma, orodha ya ndege iko kwenye viambatisho. Na kuna kazi ambazo bila yeye hamuendi popote. Tathmini ya athari kwa mazingira, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hufanywa na wataalamu waliosajiliwa. Kupima kaboni ya msitu ili iuzwe, au kuhesabu wanyama kutoka angani, ni fani za watu waliosomea. Hapo msijaribu ujanja wa kienyeji.

Shida huanza pale mnapomwajiri afikiri kwa niaba yenu. Shirika nililolifanyia kazi zamani, ambalo silitaji, lilimlipa mshauri aandae mpango wa miaka mitano wa vijiji vitatu upande wa Longido. Alifanya kazi aliyotumwa. Kitabu kikaja, kurasa zaidi ya mia, Kiingereza kitupu, nakala tano. Moja tulimpelekea mwenyekiti wa kijiji. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akapekua hadi akapata picha ya lambo lao, akatabasamu. Mara ya pili nilipokiona kitabu kile kilikuwa chini, kimezuia mlango wa ofisi ya kijiji usibamizwe na upepo wa Agosti.

Kosa lilikuwa letu. Tuliomba "ripoti ya mwisho", tukapewa ripoti ya mwisho. Hakuna mahali tulipoandika kwamba iwepo nakala ya Kiswahili, wala kwamba kamati ya kijiji iweze kuieleza. Siku hizi mtu akiniomba nimsaidie hadidu za rejea, naweka sharti moja: malipo ya mwisho yatoke baada ya wajumbe wa kijiji kuuwasilisha mpango wenyewe kwenye mkutano mkuu, mshauri akiwa amekaa nyuma, mdomo kimya. Wapo washauri waliosoma sharti hilo wakaniambia wana safari nyingi msimu huo. Afadhali mlijue hilo mapema.

Kocha

Huyu hawaandikii mpango, anawaongoza mpange wenyewe. Neno lenyewe linachekesha vijijini. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza kama huyo kocha tuliyemleta ni wa Simba au wa Yanga.

Makocha wengi wa fani hii hufuata viwango vya wazi vya kupanga uhifadhi vinavyojulikana duniani kama Conservation Standards. Chimbuko lake ni mwaka 2002, mashirika makubwa kadhaa yalipoungana kutafuta jibu la swali la aibu: fedha zote hizi tulizotumia, tunajuaje kama kuna kilichopona? Mojawapo lilikuwa African Wildlife Foundation, ambalo wakongwe wa Arusha wanalifahamu tangu zamani na ambalo lilikuwa na mkono katika kuanzishwa kwa Mweka. Toleo la kwanza lilitoka 2004, la nne 2020. Viwango hivyo ni vya bure. Kuna mtandao wa makocha wenye tawi la Afrika, na kuna programu ya kompyuta ya kuchorea mipango hiyo inayoitwa Miradi. Naam, Miradi, neno letu hilohilo. Waliliazima kwetu, wakaturudishia likiwa na leseni.

Hatua ni tano: kutathmini hali, kupanga, kutekeleza, kuchambua na kurekebisha, kisha kushirikishana mliyojifunza. Zikisomwa hivyo zinaonekana kama silabasi ya chuo chochote. Utamu wake unaonekana mkiwa chumbani.

Kwa vijiji vilevile vya kitabu cha mlangoni, miaka kadhaa baadaye tulipata kocha. Tulikaa darasa la nne wakati wa likizo, madawati yamesogezwa pembeni. Akakata manila kuwa kadi za rangi nne, akagawa makapeni, akauliza: hapa kwenu ni kitu gani ambacho kikipotea hamtakuwa tena watu wa hapa? Wazee wakaanza na alalili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wanyonge wakati wa kiangazi. Kina mama wakataja lambo, kisha miti ya dawa. Mapitio ya wanyama kwenda na kurudi yakatajwa. Tembo alitokea kwenye kadi ya sita, na mwakilishi wa mfadhili alikuwa amekaa palepale akiandika. Kocha hakumtazama. Alichofanya ni kubana orodha, kwa sababu viwango vinashauri vitu vya kulinda visizidi vinane hivi, na kuanzia hapo watu wakabishana hadi chai ikapoa.

Kisha kadi nyekundu, za matishio. Andiko letu la zamani liliweka ujangili namba moja, kama maandiko mengi yanavyofanya. Kocha hakupinga. Aliuliza mambo matatu kwa kila kadi: tishio hili linagusa sehemu kubwa kiasi gani ya eneo lenu? Pale linapogusa, linaharibu kiasi gani? Na likishaharibu, kinaweza kurudi kilivyokuwa? Laigwanani mmoja, kiongozi wa mila wa Kimaasai ambaye mimi nilidhani amesinzia, akafungua macho: "Jangili mara ya mwisho nilimwona Mkapa akiwa rais. Trekta naliona kila Novemba."

Kadi ya kilimo ndani ya malisho ikapanda juu kabisa. Ya pili ikawa gugu karoti, lile lenye vimaua vyeupe lililoripotiwa Arusha mwaka 2010, linalotambaa na barabara, linawasha ngozi na kuyatia maziwa uchungu. Ujangili ukashushwa hadi karibu na sakafu. Hakuna mtaalamu aliyewaambia. Waliupanga ukuta wao wenyewe.

Lakini kipande ambacho kilinifanya niache kuwasikiliza wanaosema kocha ni mshauri wa bei nafuu kilikuja siku ya tatu. Vijiji vilitaka lambo jipya upande wa mashariki. Hoja ilikuwa safi: tukichimba lambo kule, ng'ombe hawatakatiza alalili kufuata maji, nyasi zitapumzika, ndama watavuka kiangazi. Kadi nne, mishale mitatu, kila mtu ameridhika. Kocha akaweka kidole kwenye mshale wa kwanza. "Ili hii ilete hii, ni nini lazima kiwe kweli?"

Watu wakatazamana. Kisha mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasema, bila hata kunyoosha mkono: "Lambo halina mlango."

Basi. Kila aliyekuwemo alielewa. Maji mapya yangeita mifugo ya majirani wote hadi mpakani, na alalili ingekwisha kabla hata ya Julai. Ikaongezwa kadi ya tano, mbele ya zote: kukubaliana na vijiji jirani kabla jembe halijagusa udongo. Nilirudi ofisini nikafungua kile kitabu cha Kiingereza. Lambo lilikuwemo, shughuli namba kadhaa, na bajeti yake imenyooka. Mlango haukuwemo.

Nusu ya pili ya kazi ya kocha ni ile ya kurekebisha, ambayo wasomi wameipa jina refu la usimamizi unaojirekebisha. Wazo hilo lilinolewa miaka ya 1970 na mwanaikolojia wa Kanada, C. S. Holling, na wenzake: mpango uhesabuni kuwa ni kisio, tendeni, pimeni, sahihisheni kisio. Mfugaji wa Simanjiro atakwambia hilo ni jambo la kila siku, hakuna anayehamisha ng'ombe kwenda ronjo, kambi ya muda ya mifugo, kwa kutazama kalenda ya ukutani. Na ana haki ya kusema hivyo. Anachoongeza kocha ni kulazimisha maamuzi yawekwe wazi kabla ya shida, wakati watu bado wana subira. Tunapima nini? Nani anapima? Kikifika wapi, nani anakaa na nani, kuamua nini?

Sisi tuliishia na fimbo. Fimbo ya kawaida ya kuchungia, imepigwa alama mbili za rangi, ya kijani juu na nyekundu chini. Vijana wawili wa kila kijiji huisimamisha kwenye nyasi, sehemu zilezile, kila mwisho wa mwezi, na kuandika kwenye daftari la mistari. Nyasi zikishuka chini ya nyekundu kabla ya Agosti, kamati ya malisho sharti ikae ndani ya siku saba. Haina setelaiti wala betri. Nilikuwa na wasiwasi nayo mpaka mwaka ambao kamati ilikaa Juni yote ikilalamika kwamba vijana wamepima vibaya, ikaenda yenyewe na fimbo, ikarudi kimya.

Sasa ubaya wake, maana upo na si mdogo.

Kocha anakula siku zenu. Watu kumi na wawili hadi kumi na watano, siku tatu au nne mfululizo, na kisha tena mwaka ukiisha. Mama mwenye maziwa ya kupeleka sokoni kila asubuhi hawezi kukaa darasani siku nne kwa ajili ya mapenzi tu, na mkimkosa yeye, mmemkosa aliyejua kuhusu mlango.

Kocha pia hana meno. Kadi ya manila ukutani si sheria, na mwenye trekta hatishwi na rangi nyekundu.

Halafu kuna chaguzi. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, kijiji kimoja ninachokifuatilia kilibaki na watu wawili tu kati ya waliokaa na kocha. Wawili hao walikuwa kijana wa fimbo na katibu wa kamati ya malisho, watu ambao hakuna anayehangaika kuwagombea. Tangu hapo nashauri timu ya kupanga ijazwe watu wa namna hiyo, na wenyeviti waje kufungua na kufunga.

Jambo la mwisho ni nani anamlipa. Makocha wengi wameajiriwa na mashirika makubwa, na wanakuja kwenu "bila gharama". Mwulizeni mapema: tukiamua kwamba mnyama wenu si kipaumbele chetu, utaandika hivyo? Msikilizeni anavyojibu, pia anachukua muda gani kabla ya kujibu. Mwombeni pia aongoze nusu saa kwa Kiswahili mbele yenu kabla hamjakubaliana. Miongozo aliyofunzwa imejaa istilahi za Kiingereza, na asiyeweza kuzivunja atawaacha mkitikisa vichwa. Longido na Simanjiro ongezeni mkalimani wa Kimaasai, na hesabuni kwamba kikao kitachukua muda mara mbili.

Timu ya wilaya

Hapa watu wengi huchanganya. Timu ya wilaya ya matumizi ya ardhi, yenye afisa ardhi, mifugo, kilimo, misitu, wanyamapori na maendeleo ya jamii, haishindani na hao wawili. Inafanya kitu kingine: inawapa nguvu ya sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 ndizo msingi, na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ina mwongozo wake wa hatua sita. Halmashauri ya kijiji inasimamia, mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, sheria ndogo zinakwenda halmashauri ya wilaya. Mkitoka hapo mnaweza kuomba hati za hakimiliki za kimila, hata za kikundi. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata ya kwao ya pamoja mwaka 2011, na mpaka leo ndiyo mfano ninaoutaja nikiulizwa kama inawezekana kulinda ardhi isiyolimwa wala kujengwa. Mnaotaka kuanzisha jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, yaani WMA, hamuwezi kuruka mlango huu: bila mipango ya ardhi ya vijiji hakuna haki ya matumizi ya wanyamapori.

Ikiwa malisho yenu yanavuka mipaka, ombeni mpango wa pamoja. Kiteto wapo waliotangulia: vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao, vikaunganisha na majina, ikazaliwa OLENGAPA. Mzee wa Monduli akishasikia jina hilo limetengenezwaje, nusu ya maelezo huwa imekwisha.

Udhaifu wa timu unajulikana. Inakuja pale fedha za mafuta na posho zinapopatikana, kwa kawaida kupitia mradi wa mtu mwingine, na ina haraka. Inagawa ardhi: makazi hapa, kilimo hapa, malisho pale, msitu kule. Haina muda wa kuuliza lambo lina mlango gani. Vibao vya mipaka vinapauka, ramani inabaki imebandikwa ofisini, na mapitio ya mpango ni jambo la nadra kuliko mvua ya Septemba.

Pamoja na hayo yote, kama mpaka wenu una mgogoro, anzeni na timu na msimwite mtu mwingine. Niliwahi kuona kocha mzuri sana akipoteza siku mbili nzima kwa sababu kila kadi ya kijani, ya kitu cha kulinda, iliyowekwa ukutani ilizua swali la "hiyo iko kijiji gani?"

Moshi si Longido

Wanaonipigia kutoka upande wa Kilimanjaro huwa nawaambia wasinakili ya kwetu. Kule kuna vihamba, mashamba ya ukoo, vilivyobanana, kuna mifongo, yaani mifereji ya asili ya maji, kuna msitu na kile kipande maarufu cha nusu maili kilichotengwa 1941 chini ya msitu wa hifadhi ili wananchi wapate kuni na mbao. Maswali yao mengi ni ya maji. Basi mlango wa sheria nao ni mwingine: Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi palepale Moshi, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, inayotambua jumuiya za watumia maji.

Na kocha akienda kule aende kwa adabu. Wazee wa mfongo walikuwa wakibadilisha zamu za maji kufuatana na kina cha mto kabla mtu yeyote hajaandika neno kuhusu usimamizi unaojirekebisha. Kazi yake itakuwa kusaidia kuyaandika yale yaliyo vichwani mwa wazee, maana vijana wanahamia mjini na wazee hawakai milele, na kisha kuuliza ni kanuni ipi kati ya hizo ilitungwa enzi ambazo mto ulikuwa na maji zaidi.

Wengine, kwa haraka

Kozi ya chuo. Mweka wanafundisha vizuri, na kwa askari wa vijiji kuna Likuyu Sekamaganga kule Ruvuma. Ila cheti ni cha mtu. Akipata kazi Serengeti anaondoka nacho, na ninyi mnabaki na picha ya mahafali. Mpelekeni mtu mwenye nyumba na ng'ombe hapo kijijini.

Wakufunzi wa malisho yaliyopangwa kwa mtindo wa Allan Savory wa Zimbabwe. Ile chati yao ya kupanga miezi na vitalu vya malisho naipenda, ni kifaa kizuri. Madai kwamba kwato nyingi zilizobanana zitarudisha uhai wa jangwa ni jambo ambalo watafiti wamelibishia kwa miaka, na ushahidi wake umegawanyika. Chukueni chati, hubiri liacheni.

Ziara ya mafunzo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na sijui kwa nini. Jazeni Coaster moja wazee, kina mama na kijana wa fimbo, waende wakalale usiku mmoja kwa wenzao waliotangulia. Maswali yanayoulizwa jioni, watu wakiwa wanakula, hayawezi kuulizwa kwenye semina. Nimeona mgogoro wa miaka wa mpaka wa alalili ukilainika ndani ya gari, njia ya kurudi, kabla hatujafika Makuyuni.

Fedha

Mshauri anamaliza bajeti kwenye ada, kocha anaimaliza kwenye chakula, mafuta na posho, timu ya wilaya kwenye mafuta na posho zaidi. Jumla zinaweza kukaribiana kuliko mnavyofikiri. Tofauti ni mahali fedha inapolala: ya mshauri inalala mjini, ya kocha sehemu kubwa inalala kwa mama ntilie wa kijijini na kwenye mifuko ya wajumbe.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kutumia zote mwaka wa kwanza. Mkiwa na fedha ya kocha, tengeni theluthi moja msiiguse, iwe ya kumrudisha baada ya miezi kumi na miwili na kukaa tena mbele ya kadi zilezile. Kocha asiyerudi ni semina tu. Kama mfadhili hakubali kuvusha fedha mwaka, bora mchukue ziara ya mafunzo na timu ya wilaya, ambazo matunda yake hayategemei marudio.

Ningekuwa ninyi

Jumuiya ya vijiji yenye ardhi iliyopimwa na mpango wa matumizi uliokwisha ridhiwa, ila haijui ianzie wapi: kocha, bila kufikiri mara mbili. Shirika dogo lenye watu watatu linaloombwa takwimu za awali ndani ya wiki sita: mshauri, mwenye hadidu za rejea kali na nakala ya Kiswahili. Kijiji ambacho trekta limeshaingia kwenye malisho: wilaya kesho asubuhi, kocha baadaye. Kikundi cha mfongo: Bonde la Pangani kwanza kwa usajili, kisha mtu mwenye subira, hata kama hajui lolote kuhusu viwango vya kimataifa, akae na wazee na daftari. WMA kongwe yenye mpango, askari na wawekezaji, ambayo inahisi tu kwamba mambo hayaendi: ajirini kocha na mshauri kwa pamoja, kocha ashike kikao, mshauri awe mjibu maswali anapoitwa. Mpangilio huo ni mgumu kuusimamia, kwa sababu mshauri hupenda kusimama, lakini nimeuona ukifanya kazi.

Mkifika kwenye kupanga tarehe, epukeni siku ya mnada, la sivyo mtakaa na wazee wawili na mwalimu mkuu. Epukeni pia masika. Gari la kocha likikwama, siku ya kwanza imekwenda. Nunueni gundi ya karatasi ya kutosha, ile ya bei rahisi haishiki kwenye kuta za chokaa. Na kadi zikishapangwa, zipigeni picha siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana. Sisi hatukupiga. Tuliacha mlango wazi, mbuzi wa mwalimu akaingia, akala kadi tatu za upande wa chini, mojawapo ikiwa ya ujangili. Tuliporudi tukazihesabu zilizobaki, mwenyekiti akauliza kama hiyo iandikwe upya. Kikao kikashauriana, kikasema iandikwe kwa penseli, mpaka mapitio ya mwaka.